Mashine Iliyohama Kazi

Nchi yenyewe sitaitaja. Si kwamba naogopa, ni adabu tu. Ni nchi yenye haya, haipendi kutajwa mbele za watu, na mtu wa mwisho aliyeitaja alipelekwa kisiwani kupumzika miaka minne ilhali hakuwa amechoka. Basi tuseme ni nchi fulani. Ina bendera, ina wimbo, ina Rais aitwaye Baba wa Usafi, na ina vumbi.

Mwaka mmoja nchi rafiki, nchi ya baridi ambako watu hulala na kuamka juu ya mazulia, iliwaletea zawadi: meli nzima ya mashine za kufyonza vumbi. Baba wa Usafi alishuka mwenyewe bandarini kuzipokea. Akapanda jukwaani, akafuta jasho, akasema, "Ndugu wananchi, kuanzia leo ufagio umestaafu!" Watu wakapiga makofi. Hata wauza fagio walipiga makofi, maana walikuwa wamesimama karibu na polisi.

Kila nyumba ikapewa mashine moja, itake isitake. Zulia hakuna aliyekuwa nalo. Kulikuwa na saruji, mikeka, na kwa wengi udongo mtupu. Wiki ya kwanza mashine zilimeza kofia tano, hirizi moja na kifaranga kimoja. Kifaranga kilitolewa hai, ila mpaka leo kinatembea kinyumenyume. Mzee mmoja wa ng'ambo ya reli, mwenye sakafu ya udongo, alifyonza kwa uzalendo mpaka sebule yake ikashuka chini ngazi mbili. Wizara ikampa cheti.

Wizara, naam. Iliundwa mpya kabisa, Wizara ya Vumbi na Mwenendo wa Ndani, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kutunga sheria: kila nyumba itawasilisha mfuko mmoja wa vumbi kila mwezi. Nyumba isiyotoa vumbi ni nyumba inayoficha vumbi. Kifungu hicho kilibandikwa kila mlango.

Sasa nyumba ya vyumba viwili, yenye mama anayefagia alfajiri, itatoa wapi mfuko mzima? Ikifika tarehe ishirini na nane ungewaona akina mama barabarani na kata za maji, wamechutama, wanachota vumbi la njiani na kulitia mifukoni. Wizara ikapokea, ikahesabu, ikashangilia: vumbi lililotolewa majumbani limeongezeka maradufu, kwa hiyo nchi imekuwa safi maradufu. Mifuko ikamwagwa nyuma ya Wizara, ikawa kilima. Upepo ukivuma, kilima kinarudi majumbani kwa watu. Nao wananchi wakashukuru, kwa sababu mwezi uliofuata hawakulazimika kwenda mbali.

*

Katika mtaa mmoja wa mji mkuu wa nchi hiyo aliishi Bi Shinuna, fundi cherehani. Mwanamke mfupi, mkavu, mwenye mdomo. Alishona sare, madera, mashuka ya harusi, na mara moja aliwahi kushona turubai la lori zima kwa siku mbili. Mume alishafariki, watoto hakujaaliwa, lakini hakumwomba mtu hata kiberiti. Cherehani yake ilikuwa ya miguu, ya chuma, nzito, ya tangu enzi za bibi yake.

Kisha Wizara nyingine, sikumbuki ipi, zilikuwa nyingi, ikachimba mtaro mbele ya mlango wake. Uliitwa Mtaro wa Heshima. Ulichimbwa Jumatatu, ukazinduliwa Jumanne, ukasahauliwa Jumatano, na Alhamisi Bi Shinuna akatoka na kapu lake sokoni akatumbukia humo, akavunjika nyonga. Mfupa uliunga, ila uliunga unavyotaka wenyewe. Kutembea akatembea kwa mkongojo. Kukanyaga cherehani, ndiyo basi tena.

Kaka yake mkubwa, Faki, akaja kumwona. Mtu mwema sana Faki, na wema wake ndio ulikuwa tabu.

"Dada," akasema, "mguu umekwisha. Tuuze hiyo cherehani, uje ukae kwangu. Wake zangu watakuwekea sahani, utaangalia watoto, utapumzika."

Bi Shinuna akaiona sahani yenyewe: imefunikwa kawa, imewekwa pembeni ya mkeka, na sauti ya wifi jikoni inauliza, "Na yule naye ameshakula?" Moyo ukamkauka.

"Nipe mwezi mmoja, kaka."

"Mwezi wa nini?"

"Wa kufikiri."

"Haya. Ijumaa ya mwisho nakuja na mkokoteni," akasema Faki.

Bi Shinuna akafikiri. Akaitazama cherehani, akautazama mguu, akaitazama mashine ya Baba wa Usafi iliyokaa pembeni imefunikwa khanga. Ina mota. Mota inazunguka. Na cherehani, ukiondoa miguu, inataka nini zaidi ya kuzungushwa?

Siku hiyohiyo akachukua bisibisi. Akaifungua, akaitoa mota, akaifunga kwa skrubu juu ya ubao. Mota yenyewe ilikuwa na wazimu, ikiwashwa inalia mpaka meno yanauma, kasi isiyofaa kwa kazi yoyote ya binadamu. Akaipunguza mbio kwa swichi ya feni ya dari. Bado. Akaomba rimu ya baiskeli kwa jirani, akaiweka katikati, mkanda mwembamba kutoka kwenye mota kwenda kwenye rimu, na mkanda mwingine kutoka kitovu cha rimu kwenda kwenye gurudumu la cherehani. Swichi akaiweka chini ya kiwiko. Akapitisha kitambaa, akabonyeza.

Trrrrrr. Mshono ukanyooka mpaka mwisho wa kitambaa.

Bi Shinuna aliangua kicheko peke yake chumbani, kisha akalia, kisha akashona sare tatu kabla ya adhuhuri.

Habari ikasambaa. Mwatima, mke wa balozi wa nyumba kumi, akaja na nazi mbili, akauliza kama kitu hicho kinaweza kukuna. Bi Shinuna akalifunga jino la mbuzi kwenye ekseli ya rimu, nazi ikakunwa kabla Mwatima hajamaliza kusalimia. Jirani mwingine akaleta visu, likafungwa jiwe la kunolea. Mwingine akaleta unga wa mandazi, kikatafutwa chuma cha kukandia, ingawa hapo ukuta ulipata mandazi zaidi kuliko watu. Kila asubuhi baraza la Bi Shinuna lilijaa wanawake, na si mmoja aliyekuja kutazama mguu.

*

Balozi wa nyumba kumi aliitwa Machano. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na daftari. Kwa kanuni za nchi ile, kila balozi alitakiwa kuripoti mkosaji mmoja kila miezi mitatu, kwa maana balozi asiyekuwa na mkosaji ni dhahiri anawalinda. Miezi mitatu ilikuwa inakwisha, na mtaa wake, Mungu na ausamehe, ulikuwa umetulia.

Wiki ya mwisho ya mwezi ule Mkaguzi Ngwali wa Wizara ya Vumbi akapiga hodi kwa Bi Shinuna. Alivaa kaunda suti ya rangi ya vumbi, ili vumbi lisionekane juu yake. Akaomba mashine. Bi Shinuna akamtolea ganda lake. Mkaguzi akapiga magoti, akatega sikio ubavuni mwa ganda, akasikiliza muda mrefu.

"Imekufa," akasema.

"Haijafa, bwana mkubwa. Imehama kazi."

"Kwa kibali cha nani?"

"Cha mguu wangu."

Mkaguzi akaandika: *mguu*. Kisha akaiona mota, rimu, mikanda, jino la mbuzi, na shuka la harusi likiwa nusu limeshonwa. Akavua miwani, akaivaa tena.

"Mama, unajua hili ni kosa gani? Umekiuka Mwelekeo wa Mtambo. Mtambo huu umeumbwa kuvuta ndani. Wewe unauzungusha nje."

"Vumbi langu nimeleta kila mwezi, bwana. Mfuko mzima."

"Umelifyonza kwa kitu gani, kama mota iko hapa?"

"Kwa kata. Kama mke wako."

Mkaguzi alikohoa, akafunga daftari. Akabeba mota, akabeba ganda, akamwachia rimu kwa kuwa haikuwamo kwenye orodha ya mali ya serikali. Shauri lingesikilizwa Jumatano. Bi Shinuna akahesabu kwa vidole. Jumatano, Alhamisi, kisha Ijumaa ya Faki na mkokoteni wake. Akauma midomo.

*

Baraza la Mwelekeo wa Mitambo lilikaa katika ukumbi wenye zulia pekee la nchi nzima. Lilikuja kwenye meli ileile, likatandikwa hapo, na kila mtu alilijua kuwa ni zulia la kahawia. Juu yake wakaketi wajumbe tisa, na katikati yao Mwenyekiti, Mheshimiwa Daktari Mhandisi Fikirini, mtu mnene wa sauti, ambaye hata akiomba maji utadhani anatangaza vita.

Bi Shinuna akasimamishwa na mkongojo wake. Karani akasoma taarifa iliyoletwa na "raia mwema". Jina halikuandikwa, lakini karatasi ilipopitishwa karibu yake Bi Shinuna aliona herufi zenye mikia mirefu. Ulikuwa mkono uleule unaomwandikia kila mwezi, "Vumbi limepokelewa." Mkono wa Machano. Na mke wa mtu huyo alikuwa amekula naye mandazi ya ukutani.

"Waheshimiwa," akanguruma Fikirini, "jambo hili si dogo. Leo mashine ya kufyonza inashona. Kesho ya kushona itataka kusaga. Keshokutwa mwananchi naye ataamka aseme, mimi nilizaliwa kupiga makofi, lakini leo nataka kuuliza maswali. Tutaishia wapi?"

"Pabaya!" wakaitikia wajumbe.

Mjumbe mmoja, aliyesoma nje, akainua mkono. "Mheshimiwa Mwenyekiti, napenda kujua. Mashine ilipokuwa ikishona, je, ilijua kwamba inashona?"

Wakalijadili hilo kwa saa nzima. Likaundiwa kamati ndogo.

Hatimaye Bi Shinuna akaruhusiwa kusema. "Waheshimiwa, mimi sina mengi. Nina nyonga mbovu, na nyonga hii iliharibiwa na mtaro wenu. Nataka kushona tu. Mkinirudishia mota, nitakula jasho langu. Mkiichukua, nakwenda kuwa mgeni kwenye nyumba ya kaka yangu mpaka nife. Hebu niambieni, huo mtaro nao ulikuwa na kibali?"

"Mtaro haukushtakiwa," akasema Fikirini.

Kisha akatoa amri. Mshtakiwa airudishe mota ndani ya ganda kwa mikono yake, mbele ya Baraza, afyonze hapohapo walipo, ili mashine ikumbushwe asili yake. Wajumbe wakaona ni busara kubwa. Mmoja alitaka iandikwe kwenye jiwe.

Bi Shinuna akaketi chini, akafunga skrubu moja baada ya nyingine, akabana kifuniko. Karani akatafuta tundu la umeme. Mashine ikalia. Akaiburuta mara moja juu ya zulia, kutoka kwa mjumbe wa kwanza hadi kwa Mwenyekiti.

Nyuma yake pakabaki mstari mwekundu.

Wajumbe wakainama kutazama. Zulia la kahawia lilikuwa jekundu. Lilikuwa jekundu siku zote, ila halijapata kufyonzwa hata siku moja, kwa sababu mashine ya Baraza ilikuwa bado ndani ya boksi ikisubiri kuzinduliwa rasmi. Bi Shinuna hakuambiwa aache, basi akaendelea. Mfuko ukajaa, karani akaleta mwingine. Ukajaa nao. Chini ya kiti cha Fikirini peke yake palitoka mifuko minne, maganda ya karanga, na maombi ya wananchi ya mwaka juzi yakiwa hayajafunguliwa. Ilipofika mifuko kumi na saba, mashine ikachemka, ikazimwa.

Karani, mtu aliyeishi maisha yake yote kwa kusoma kila karatasi aliyopewa, akasoma kwa sauti karatasi iliyobandikwa mlangoni. "Nyumba isiyotoa vumbi ni nyumba inayoficha vumbi."

Bi Shinuna alimtazama Mwenyekiti usoni, na kwa mara ya kwanza tangu aingie alifurahi.

Fikirini alisimama polepole. "Vumbi hili," akasema, "ni siri ya taifa. Mtu aliyelitoa hakulijua, kwa hiyo anaachiwa huru. Mashine iliyolimeza inalijua. Inafungwa miaka mitano, bila kazi."

Wakapiga makofi kwa kusimama. Karani akafukuzwa kazi jioni hiyo, kwa kosa la kusoma.

*

Bi Shinuna akarudi nyumbani mikono mitupu. Alhamisi kutwa nzima alijaribu kukanyaga cherehani. Akaweka mguu mzima mbele, mguu mbovu nyuma, akasukuma. Maumivu yalimpanda mpaka kwenye meno. Alishona kipande cha urefu wa kiganja, mshono umepinda, akaufumua. Akajifuta uso kwa shuka la harusi la watu, akakasirika zaidi kwa kulilowesha. Aliogopa, na hakuona aibu kujiambia hivyo. Aliogopa kesho.

Mchana redio ikatoa habari. Wizara ya Vumbi ilitangaza kwamba Baraza la Mwelekeo wa Mitambo limevunja rekodi kwa kutoa mifuko kumi na saba ndani ya siku moja, na Mheshimiwa Fikirini ametunukiwa Nishani ya Usafi, Daraja la Kwanza. Alipoulizwa siri ya mafanikio yake, alijibu kwamba ni kujituma.

Ijumaa asubuhi Faki akafika na mkokoteni na vijana wawili wa kubeba. Hakusema neno la kuumiza. Alimshika dada yake bega, akainamia cherehani, akaikamata upande mmoja.

"Hodi hapa," mtu akaita.

Alikuwa Balozi Machano. Kwapani kabana kitu kikubwa kilichofunikwa khanga ya mkewe, na uso wake ulikuwa wa mtu ambaye hakulala vizuri wala hakula vizuri.

"Karibu, Balozi," akasema Bi Shinuna. "Umekuja kuiandika na cherehani?"

Machano akaweka mzigo chini, akaufunua. Ilikuwa mashine yake ya kufyonza, mpya, nailoni bado iko juu yake.

"Mwatima amesema hakuni nazi tena kwa mkono," akaeleza bila kumtazama mtu. "Siku ya pili leo nakula wali mkavu. Amesema wanawake wote wa mtaa wamekubaliana. Basi... hii yangu ni nzima. Haijapata kufanya kazi yoyote."

"Na Mkaguzi akija kusikiliza?"

"Ngwali?" Machano akajikuna shingo. "Ngwali alipita kwangu jana. Aliuliza kama Jumapili utakuwa na nafasi ya kumtengenezea na yeye. Pale kwake mke anadai mandazi."

Faki alikuwa bado kainama, cherehani mkononi. "Dada, niipandishe au niishushe?"

"Ishushe, kaka. Na hao vijana wako wanisogezee ile rimu."

Cherehani ikashushwa. Bi Shinuna akaketi, akanyoosha mguu mbovu pembeni, akachukua bisibisi. Machano naye akachutama mkabala naye. Skrubu ya kwanza ikatoka, ya pili ikatoka. Mota ikatolewa kwenye ganda, inang'aa, ikawekwa juu ya ubao. Machano akajisogeza karibu.

"Bi Shinuna," akasema kwa sauti ya chini, "ile taarifa, aliyeipeleka ni mimi."

"Najua. Shika hapa, usitikise."

Balozi akashika kwa mikono miwili.